Alfajiri ya mafahali Khayega

Anayetaka kuona ng'ombe wa kupigana hana budi kudamka. Matatu yetu iliondoka Kisumu kwenda Khayega, huko Kakamega, giza likiwa bado limetanda. Pale Kondele, mtaa wa Kisumu, wauza chai ndio kwanza walikuwa wanawasha majiko. Mapambano huanza mapema, kabla jua halijakuwa kali, na ukichelewa utakuta watu wanarudi nyumbani wakiimba.

Kondakta alikuwa amevaa jezi ya kijani ya Gor Mahia, klabu ya soka ya Waluo. Nyuma yangu alikaa shabiki wa AFC Leopards, klabu ya Waluhya, na kabla hatujafika Kiboswa walikuwa wameshakabana koo kwa maneno. Huo ndio utani wa Mashemeji, mechi ya Waluo na Waluhya waliooana miaka nenda miaka rudi. Leopards ilizaliwa 1964 ikiitwa Abaluhya United, Gor ikafuata 1968. Mwaka 1980 serikali ilipotaka vilabu viache majina ya makabila, jezi za Leopards zilibadilishwa jina, mioyo ikabaki ilivyokuwa. Kondakta alimaliza ubishi kwa kutaja 1987, mwaka Gor ilipoleta nyumbani Kombe la Washindi la Afrika. Kwa hilo hata shemeji yake alinyamaza, maana kombe lile lilikuwa la Kenya nzima.

Tulipita Mbale. Huko Vihiga ndiko walikotoka Vihiga Queens, wasichana wa soka waliotwaa ubingwa wa Cecafa, yaani Afrika Mashariki na Kati, mwaka 2021 wakaenda Cairo kuiwakilisha kanda yetu katika Ligi ya Mabingwa ya kwanza ya wanawake barani. Wanaume wale walikuwa wametaja wachezaji wa miaka ya themanini kwa majina yote matatu. Queens hawakutajwa hata mara moja, na hilo liliniuma.

Khayega nilisikia isukuti kabla sijaona mtu. Ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe ya swala. UNESCO iliiweka densi ya isukuti mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, lakini asubuhi ile haikuonekana kuhitaji msaada wa mtu. Kundi la vijana lilishuka na barabara likitimua mbio, matawi mikononi, filimbi midomoni, na katikati yao fahali mweusi mwenye nundu. Waisukha na Waidakho, Waluhya wa huku, hupiganisha ng'ombe kwa ng'ombe. Hakuna mtu anayechoma mnyama mkuki, wala mshindi haui. Anayegeuka na kukimbia ndiye aliyeshindwa, basi.

Yule mweusi alikwangua ardhi kwa kwato hadi udongo ukamwangukia mgongoni. Mpinzani wake, wa kahawia, alisimama tu akimtazama. Walipogongana nilihisi mtikisiko miguuni. Baada ya hapo hapakuwa na vurumai niliyoitarajia. Walisukumana paji kwa paji, shingo zimevimba, pumzi zikitoka kama mvuke wa sufuria, na umati ukapunguza kelele. Ghafla mweusi akageuza kichwa, akatoka mbio kuelekea tulikosimama. Wazee kwa watoto tulitawanyika hadi ndani ya mahindi.

Mwenye ng'ombe alikuwa kijana wa bodaboda. Kwa miezi mingi pesa yake ilikuwa imeishia kwenye molasi na majani ya napia ya kumlisha. Alibaki katikati ya uwanja, mikono kichwani, huku wenzake wakimwimbia mshindi. Nilidhani atachekwa. Mzee mmoja mwenye koti refu alimwendea, akamwambia mbele ya watu wote: "Ng'ombe ndiye amekimbia. Wewe hujakimbia. Enda umlete."

Akaenda. Alimrudisha kwa kamba, polepole, akipita mbele ya wale wale waliokuwa wakimshangilia mwingine, na watu wakampisha kwa heshima.

Kwenye soka mambo ni tofauti. Agosti 2025 nilikuwa Kondele Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, walipotolewa na Madagascar kwa penalti katika robo fainali ya CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za nyumbani. Hiyo ni timu iliyokuwa imeifunga Morocco 1-0 ikiwa na wachezaji kumi uwanjani. Wanaume wazima walilia barabarani, wa Gor wakikumbatiana na wa Leopards, bendera moja mabegani mwa watu wawili. Kwa nini Mkenya huyo wa bendera moja hudumu hadi mechi ya ligi tu? Vijana hao hao wakirudi kwenye mechi ya Mashemeji, kushindwa kunageuka tusi, na tusi linajibiwa kwa mawe. Hakuna mzee wa kuwaambia waende wamlete ng'ombe wao. Wamefundishwa kwamba mwanamume ni anayeshinda, na asiyeshinda atafute wa kumwumiza. Nakataa fundisho hilo kwa moyo wangu wote, nami ni binti wa nyumba ya Gor.

Nilimfuata kijana hadi kando ya uwanja. Mama yake alikuwa ameshafika na debe la maji ya chumvi, akimwosha fahali jeraha la shingoni. Yeye ndiye aliyemlea tangu ndama, ndiye anayekata napia kijana akiwa kazini, lakini katika nyimbo zote za asubuhi ile sikusikia jina lake. Kijana aliniambia Desemba watarudi. Nami nitarudi, na nikifika nitamtafuta mama kwanza.