Siku ya Mwisho ya Mkataba wa Pili

Ilikuwa siku ya mwisho ya mkataba wangu wa pili wa siku 10, na nilijua kwamba hautakuwapo wa tatu. Kwa kanuni za NBA, ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Marekani, kuanzia tarehe 5 Januari timu inaweza kumsajili mchezaji kwa siku 10, au kwa michezo 3 iwapo hiyo itachukua muda mrefu zaidi. Huruhusiwa kurudia mara moja tu katika msimu, kisha ama imbakize hadi msimu uishe au imwache aende zake. Sisi tulioishi kwa mikataba hiyo tulihesabu siku kama wafungwa, ila tuliomba zisiishe.

Nilikuwa nimetoka kucheza Ulaya kwa miaka kadhaa, na kilichonihangaisha zaidi ni mstari wa pointi tatu. Kule, chini ya FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, uko mita 6.75 kutoka kikapuni; katika NBA ni mita 7.24, na nusu mita hiyo ilitosha kuifanya mipira yangu igonge ukingo wa mbele wa ringi. Kwa bahati, kwenye kona tofauti ni ya sentimita kumi hivi, kwa hiyo nikajifanya mkaazi wa kona, na kocha akadhani huo ndio ustadi wangu. Sikumsahihisha.

Usiku huo niliingizwa katika robo ya nne, baada ya mwenzangu kutolewa kwa faulo sita. Mpinzani alirusha, mpira ukadunda na kuyumbayumba juu ya ringi, nami nikaruka nikaupangua kwa kiganja. Kwa sheria za FIBA, mpira ukishagusa ringi yeyote anaweza kuupiga, na kwa kitendo hicho hicho nilikuwa nimepigiwa makofi mara nyingi. Katika NBA haugusiki mpaka utoke wenyewe eneo la juu ya ringi. Mwamuzi alipuliza filimbi na kuwapa pointi mbili, na nadhani ukumbi mzima ulielewa kosa langu kabla yangu.

Tulishinda hata hivyo, na hakuna aliyenilaumu. Lawama ingenifariji, kwa kuwa watu hawajisumbui kumkaripia mtu ambaye kesho hatakuwapo.

Wakizungumzia wachezaji wa kuhamahama, wengi humtaja Ish Smith, aliyechezea timu 13 za NBA na kutwaa ubingwa akiwa Denver mwaka 2023. Namheshimu sana, lakini timu zake zote 13 zilifuata sheria zile zile; mimi nilihama na mikono iliyofunzwa kwingine.

Wakala wangu alipiga simu asubuhi nikiwa bado nafunga begi. Timu moja ya Ulaya ilihitaji mtu hadi mwisho wa msimu. Niliuliza kwanza mshahara, kisha kama barua ya kibali ya kuhama ingewahi, maana bila hiyo ningefika kule na kuishia kukaa jukwaani.