Herufi mbili tu: MZ

Leo nilikuwa nasafisha kabati, nikakuta disketi aliyoniachia kaka, ya enzi za DOS, ule mfumo wa kompyuta wa kabla ya Windows, wa kuandika amri kwenye skrini nyeusi. Nikaazima kisomeo cha disketi kazini, nikasema ngoja nijaribu.

Jamani, imesomeka!

Ndani mna mafaili mawili ya programu, moja la .COM na jingine la .EXE. Nikayafungua kwa programu inayoonyesha baiti moja moja.

La .COM halina hata hodi. Baiti ya kwanza tu tayari ni amri ya prosesa. DOS inalipakia kwenye kumbukumbu lilivyo, kisha kazi inaanza. Ila lazima litoshe ndani ya kilobaiti 64.

Sasa hilo la .EXE...

Linaanza na herufi MZ. Ni za Mark Zbikowski, mmoja wa waliotengeneza MS-DOS, yaani DOS ya Microsoft. Mtu kaacha herufi za jina lake mlangoni!

Nikafungua .EXE ya laptopu yangu mpya ya Windows. MZ. Nikafungua nyingine. MZ. Na mbele kidogo kuna kiprogramu cha DOS ambacho kazi yake ni kukuambia tu kwamba programu hii haiendeshwi kwenye DOS. Nani ataijaribu huko siku hizi? Lakini kimo, kinabebwa kila mahali.

Nimezikodolea macho herufi hizo mpaka chai ikapoa.

Wenzangu wa skrini nyeusi, mlikuwa mkiandika jina la programu gani kwanza mkishawasha kompyuta?