Mfereji Niliouchimba Kigoma

Mwendesha bodaboda alinitoza shilingi 5,000 kutoka stendi hadi mtaa wa Mwanga mjini Kigoma, safari ambayo, kama nilivyoelezwa jioni ile, wenyeji huilipia 2,000. Chumba cha nyumba ya wageni kilikuwa cha shilingi 30,000 bila chandarua, na maji ya kuoga niliyoletewa kwenye ndoo yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Nilipolalamika, mhudumu alinijibu kwa upole kwamba mvua zimeanza. Nilidhani ananikwepa. Baadaye nilifahamu kwamba alikuwa amenipa jibu kamili, kwa kuwa kilichokuwa ndani ya ndoo ile ni kilima chenyewe.

Nilikwenda Kigoma kwa mwaliko wa rafiki yangu mwalimu, ambaye kwa muda mrefu amekuwa akinieleza habari za majirani zake wanaojaribu kukihuisha kijito kinachopita kwenye makazi yao kabla ya kuingia Ziwa Tanganyika. Mimi nimezaliwa Kigogo, Dar es Salaam, karibu na Mto Msimbazi, na kwetu kuuhudumia mto ni kuvaa buti za mpira, kuokota chupa na kuzibua taka chini ya daraja. Basi Jumamosi ya mwisho ya Novemba, siku ya usafi, niliamka alfajiri na glavu zangu. Watu kama thelathini, wengi wao akina mama, walikuwa wamekusanyika kando ya kijito. Walisalimiana, wakakipa kijito kisogo, wakaanza kupanda kilima.

Kiongozi wao, mama anayeuza dagaa Kibirizi, alinieleza sababu tukiwa njiani. Miaka miwili ya kwanza walisafisha huko chini, na kila mvua kubwa ilikijaza kijito mchanga upya, maji yakakosa njia yakaingia ndani ya nyumba. Miti ya juu ilikwisha kuwa mkaa, na matuta ya mihogo yalikuwa yamelimwa kufuata mteremko, hivyo kila nafasi kati ya tuta na tuta ikawa njia ya kushushia udongo. Udongo huo ukifika ziwani hauna pa kwenda. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Lukuga upande wa Kongo, na maji yake mengi hupotea kwa mvuke, kwa hiyo kinachozama humo hubaki humo, kikifunika miamba ya ufukweni ambako samaki wengi wadogo hula na kuzaliana. Mawe aliyokuwa akiyakanyaga utotoni akiteka maji, alisema, sasa yamelala chini ya tope.

Huko juu nilikutana na kifaa ambacho sijaacha kukifikiria. Ni fito tatu zilizofungwa zikawa na umbo la herufi A, na kutoka kileleni inaning'inia kamba yenye jiwe. Unaisimamisha ardhini, hata pasipo na usawa, unaweka alama pale kamba inapogusa ufito wa kati. Kisha unaigeuza, mguu wa kushoto ukae ulipokuwa wa kulia, unaweka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa wa kweli. Baada ya hapo unaitembeza A hatua kwa hatua kilimani, ukipigilia kigingi kila kamba inapotulia katikati, na vigingi hivyo huchora mstari usiopanda wala kushuka. Juu ya mstari huo huchimbwa mfereji wa kinga maji, udongo wake ukitupwa upande wa juu, mtindo ambao wakulima huuita fanya juu, na kwenye tuta hupandwa nyasi ndefu za mabingobingo ili mizizi ishike. Mzee aliyenifundisha aliianza kazi hii katika vijiji vya jirani na Hifadhi ya Taifa ya Gombe, chini ya TACARE, mradi wa kurejesha misitu ulioanzishwa na Taasisi ya Jane Goodall mwaka 1994. Huko alijifunza pia kuviacha visiki vichipue vyenyewe, kwa kuwa mti wenye mizizi tayari humtangulia mbali mche wa kununua.

Nilipewa kipande cha mita ishirini na A yangu. Nilikuwa na haraka ya kuonekana ninaweza. Niliweka alama ya kwanza, nikaona kamba imetulia vizuri, nikaanza kupigilia vigingi bila kuigeuza miguu.

Mvua ilinyesha usiku wa Jumapili. Alfajiri rafiki yangu aligonga mlango, akaniambia nivae tuondoke. Mifereji ya wenzangu ilikuwa imejaa maji yaliyotulia tuli. Wangu ulikuwa umeyasukuma yote upande mmoja, yakavunja tuta, yakashuka hadi kwenye bustani ya bibi mmoja kando ya kijito. Mchicha wake ulikuwa chini ya udongo mwekundu, na yeye alikuwa ameinama akiufukua kwa vidole.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Ni wewe uliyechimba pale?"

"Ni mimi, bibi. Naomba unisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini mchicha huu ulikuwa uende sokoni leo."

Nilimlipa shilingi 20,000, na hiyo ndiyo fedha pekee niliyoitoa Kigoma bila kunung'unika. Tiketi yangu ya basi ya asubuhi ile ilipotea, wala sikurudishiwa kitu.

Kilichonishangaza ni kwamba bibi huyo ndiye aliyekuwa mgumu kuliko wote kundi lilipoanza. Walimsomea Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayozuia shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 za chanzo cha maji. Aliwaomba wapime hizo mita 60, na kamba ya kupimia ikavuka bustani yake, ikavuka nyumba yake, ikaingia uani kwa waliokuja kumhamisha. Ndipo wakakubaliana naye: ukanda wa karibu na maji ameuachia matete, mabingobingo na mikuyu, na majani anayoyakata huwauzia wafugaji wa ng'ombe. Naamini sheria ile ni ya haki. Ila siku ile niliona kwamba isingekilinda kijito bila bibi huyo kuikubali.

Nilipokuwa nikiuziba mfereji wangu na kuuchimba upya siku hiyo nzima niliwaza kwetu. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu Dar es Salaam, na wengi wa bondeni wakahamishiwa Mabwepande. Tangu hapo kila mvua inaponyesha tunatazama bonde la Jangwani, tunapima maji yamefika wapi. Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu. Nina umri wa miaka arobaini na mmoja, na sijawahi kupanda huko kuangalia maji yanaanzaje safari.

Mvua ilirudi usiku wa Jumatatu. Kulipopambazuka nilimkuta bibi ameshanitangulia kilimani, fimbo mkononi. Aliitumbukiza mwanzoni mwa mfereji, akapima kwa mkono, kisha akatembea polepole hadi mwisho, akapima tena.

"Huku vidole vinne," alisema, "kule viwili. Bado kidogo, mjukuu wangu."

Nilitua begi langu chini, nikachukua jembe.