Abu Sayed, mikono wazi

Jana usiku nimeitazama tena video ya Abu Sayed, usingizi ukanikimbia. Alikuwa mwanafunzi wa Kiingereza, Chuo Kikuu cha Begum Rokeya, mjini Rangpur, Bangladesh. Ni Julai 16, 2024. Kasimama barabarani peke yake, fulana nyeusi, fimbo mkononi, kifua mbele, mikono kaitandaza. Polisi wako ng'ambo tu ya barabara. Wanafyatua. Anayumba, anajikaza, anasimama tena.

Kosa lake? Kuandamana na wenzake kudai ajira za serikali zigawiwe kwa haki, maana asilimia 30 zilitengewa watoto na wajukuu wa wapigania uhuru wa 1971. Basi! Kwa hilo tu mtoto wa watu anamiminiwa risasi?

Agosti 5 maandamano yakamshinda waziri mkuu, Sheikh Hasina, akaikimbia nchi. Wazazi wa Abu Sayed walikuwa wameshamzika kijijini. Mimi bado nina hasira.