Siku moja maishani mwangu: dripu ya chini ya ngozi

Saa moja asubuhi. Zamu ya usiku inanikabidhi wazee 32 na taarifa moja inayonikaa kichwani: bibi wa chumba cha 14, mwenye umri wa miaka 88, jana alikunywa mililita 450 tu kutwa nzima, ilhali mwanamke wa umri wake huhitaji vinywaji vya takribani lita 1.6. Mimi ni muuguzi kutoka Kenya, nami ninafanya kazi katika makao ya wazee kaskazini mwa Uingereza. Hapa wakazi huitwa kwa majina yao ya kwanza. Ulimi wangu umezoea, lakini moyoni huyu bado ni bibi.

Saa mbili na nusu. Ninampelekea chai, naye anameza vijiko vitatu kisha anafumba mdomo. Homa ya kifua imemwandama tangu juzi, ulimi umekauka, na usingizi wake si wa kawaida. Simfinyi ngozi ya mkono kutazama inarudi kwa kasi gani, ingawa ndivyo tulivyofundishwa chuoni, kwa kuwa ngozi ya mzee hulegea hata akiwa ameshiba maji. Kumuuliza kama ana kiu nako hakunisaidii sana, maana kiu hufifia uzeeni wakati uleule ambapo figo hupoteza uwezo wa kubana maji.

Saa tatu. Daktari anapiga simu na majibu ya damu iliyochukuliwa jana: ukolezi wake, yaani wingi wa chumvi na vitu vingine vilivyoyeyuka ndani yake, ni miliosmoli 308 kwa kilo, nao ukivuka 300 tunahesabu kuwa mtu amepungukiwa na maji. Shinikizo la damu liko sawa, moyo haujashindwa kazi, wala hana tatizo la damu kutoganda. Angekuwa na tatizo lolote kati ya hayo, dripu ya chini ya ngozi isingemfaa; na angekuwa katika hali ya mshtuko, yaani damu haifiki vya kutosha mwilini, ningeita ambulensi bila kusubiri, kwa sababu njia hii ni ya polepole mno kwa mgonjwa anayezidiwa. Daktari anaagiza lita moja ya maji kwa saa 24, glukosi ya asilimia 4 pamoja na chumvi ya asilimia 0.18, ipitie chini ya ngozi. Mwanawe anakubali kwa simu, akifurahi kwamba mama yake hatalala kwenye korido ya hospitali.

Saa nne na nusu. Nakiri kwamba miaka ya mwanzo niliidharau kazi hii, kwani nililelewa katika wodi ambako uhodari wa muuguzi ulipimwa kwa kupata mshipa mara ya kwanza. Mishipa ya bibi huyu hupasuka ikiguswa, na usahaulifu wake humfanya ang'oe kila kitu anachokiona mkononi. Kwa hiyo ninamgeuza ubavu, ninasafisha ngozi ya mgongo chini ya bega, ninaibana kwa vidole viwili na kuingiza kanula ndogo, yaani kimrija chembamba cha kupitishia maji, kwa mlalo wa nyuzi 45, hadi kwenye mafuta yaliyo juu ya msuli. Msaidizi wangu, kijana wa Tanga, anashangaa.

"Dada, mbona mgongoni?"

"Kwa sababu mkono wake haufiki huko."

Ninavuta kidogo kuhakikisha hakuna damu, ninabandika plasta inayopitisha mwanga, kisha ninahesabu matone nikiitazama saa yangu: 14 kwa dakika. Mrija wetu hutoa matone 20 kwa kila mililita, kwa hiyo hiyo ni mililita 42 kwa saa. Maji hayo hunywewa na mishipa midogo iliyo chini ya ngozi, na sehemu moja huweza kupokea hadi lita moja na nusu kwa siku. Kijana anauliza kama maji matupu ya glukosi yangefaa, na swali lake si la kitoto: maji yasiyo na chumvi huvuta chumvi ya mwili kuelekea pale yalipo, na madhara ya aina hiyo ndiyo yaliyochangia njia hii kuachwa katikati ya karne ya 20.

Saa saba mchana. Pamevimba kama nusu ya yai, pamepoa na hapana wekundu. Ninapunguza hadi matone 10 kwa saa moja, ninapapasa taratibu, uvimbe unatawanyika, nami ninarudisha 14.

Saa kumi. Anakunywa nusu kikombe cha juisi akiwa ameegemezwa vizuri. Dripu haituondolei kazi ya kikombe. Kila saa mtu humpelekea kinywaji na kuandika alichomeza.

Saa moja usiku. Karibu mililita 350 zimeingia na amekojoa mara mbili, mkojo ungali wa rangi ya chai ya rangi. Ninamkabidhi muuguzi wa usiku, tunahesabu matone pamoja, kisha ninaandika kwenye chati tarehe ya kuhamisha kanula: kesho kutwa, upande wa kulia.