Prosesa iliyopandishwa spidi inaporomoka kwenye mzigo: joto halikuwa kwenye prosesa

Salaam wadau. Mashine yangu ya kuhariri video hapa Dodoma prosesa yake nimeipandisha hadi GHz 4.9. Nikianza kurenda (kutoa video iliyokamilika), dakika chache tu inaporomoka hadi GHz 0.8, inapanda, inaporomoka tena. Cha ajabu, joto la prosesa halivuki nyuzi 75.

Nilipuliza vumbi (na vumbi la hapa kabla ya mvua mnalijua), nikabadilisha pesti ya kupitisha joto juu ya prosesa, nikapunguza volti kidogo. Wapi!

Jibu lilikuwa ndani ya HWiNFO, programu inayoonyesha joto la sehemu za kompyuta. Usiishie kwenye joto la kori za prosesa, shuka mpaka mstari ulioandikwa VRM. Wangu ulisoma nyuzi 112. Hiyo ndiyo sehemu ya mazabodi inayoshusha volti 12 za pawasaplai hadi kama 1.3 za prosesa. Ikizidiwa joto, bodi inaibana prosesa hata kama yenyewe imepoa. Na kipoza cha maji kama changu hakipepei eneo hilo, tofauti na feni ya kawaida inayokaa juu ya prosesa.

Nikafunga feni ya milimita 80 kwa vile vikamba vya plastiki vya kubania nyaya, ikipuliza moja kwa moja kwenye alumini za kupozea VRM zilizo kando ya soketi ya prosesa. Sasa VRM haifiki 90, na 4.9 inashikilia mpaka video inaisha. Kelele imeongezeka kidogo, nimeizoea.