Siku tatu kwenye jumba la shamba Touraine, bila gari

Dada yangu anafanya kazi Paris, na kila nikienda kumtembelea tunaishia kwenye foleni za makumbusho. Safari hii nikamwambia nataka kulala shamba, kwenye yale majumba ya kale ya mabwana wa Kifaransa huko Touraine, nchi inayouzunguka mji wa Tours. Akacheka. "Bila gari utafikaje?"

Swali lake lilinichukua wiki nzima. Kumbe wenye majumba wengi hukodisha vyumba kwa mpango uitwao chambre d'hôtes. Sheria huwawekea kikomo cha vyumba 5 na wageni 15, wenyewe huishi hapohapo, na chai ya asubuhi imo ndani ya bei. Nikatafuta yaliyo karibu na reli ya kutoka Tours kwenda Chinon tu, nikapata moja nje ya Azay-le-Rideau kwa euro 105 kwa usiku, sote wawili. Kutoka Paris hadi Tours kwa TGV, treni ya mwendo kasi, ni saa moja na kitu. Kazi ni ile treni ndogo baada ya Tours: hupita kwa nadra, basi nilianza kuangalia saa zake ndipo nikakata tiketi za Paris. Mwenye nyumba, bibi wa makamo ya mama yetu, alikubali kutupokea stesheni kwa kuwa tulimwomba mapema.

Kosa langu lilikuwa siku. Tulifika Jumapili alasiri, maduka yote kimya, na Jumatatu hata mwoka mikate alikuwa mapumzikoni. Mchana ule tulikula karanga za kwenye mkoba.

Chakula cha usiku huliwa pamoja na wenyeji, meza moja, chungu kimoja. Touraine ni nchi ya rillettes, nyama ya nguruwe iliyopikwa kwa mafuta yake hadi ikalainika, na divai haikosi mezani. Tuliandika mapema kwamba hatuli nguruwe wala hatunywi pombe. Bibi hakuuliza kwa nini. Alitupikia samaki wa mto, mchuzi akauweka kando kwa kuwa una divai, kisha akaleta jibini ya mbuzi ya Sainte-Maure, ndefu kama gogo, katikati imepitishwa bua.

Baridi ndiyo iliyotushinda. Nyumba imejengwa kwa tuffeau, jiwe jeupe laini la huko, kuta nene kama za kwetu Lamu. Lamu unene huo ni rehema. Aprili ya Touraine, chumba ni mtungi. Tulilala na soksi na leso kichwani.

Lakini kilichonikaa moyoni kilikuwa uani: mnara wa njiwa, wa mviringo, mtupu. Niliingia nikainua macho, nikaona zidaka! Safu juu ya safu mpaka darini, kama ukuta wa ndani wa nyumba ya bibi yangu, ila badala ya sahani za kaure, kila kidaka kilikuwa makao ya njiwa. Mwenye nyumba alieleza, dada akatafsiri: zamani kufuga njiwa namna hiyo ilikuwa haki ya mabwana. Njiwa wakishuka kula mbegu za mkulima, yeye haruhusiwi kuwagusa. Haki hiyo ilikuwa miongoni mwa zilizofutwa Agosti 1789, mapinduzi yalipoanza. Nikamuuliza kama babu zake walikuwa mabwana au wakulima. Akacheka sana. Babu yake aliinunua nyumba baada ya vita. Alikuwa muuza ng'ombe.

Siku ya kuondoka nililiosha lile bua la jibini nikalitia kwenye pochi. Limechorwa alama ya mtengenezaji, herufi ndogo mno. Dada asema nimesafirisha takataka za Wafaransa hadi Lamu.